Mbele ya geti la akina Dube: kisa cha Tsotsi

Kijana amesimama nje ya nyumba ya kitajiri Johannesburg, amekumbatia mtoto asiye wake. Polisi wamemwelekezea bastola. Baba wa mtoto anatoka mikono mitupu, anawasihi polisi washushe silaha, kisha anamsogelea yule kijana polepole, kama unavyomsogelea ndege aliyetua dirishani ukiogopa asije akaruka. Mama wa mtoto yuko kwenye kiti cha magurudumu, na aliyemfikisha kwenye kiti hicho ndiye huyu huyu aliyembeba mwanawe. Mtoto analia. Kijana naye analia. Anamkabidhi baba mtu. Anaamriwa anyanyue mikono, ananyanyua, na filamu inaishia hapo.

Hiyo ni Tsotsi, filamu ya Afrika Kusini ya mwaka 2005, iliyoandikwa na kuongozwa na Gavin Hood. Ilipata tuzo ya watazamaji Toronto mwaka huo, na Machi 2006 ikachukua Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni, ya kwanza kwa Afrika Kusini. Kigeni ni kwa Wamarekani, lakini. Wahusika wanazungumza lugha ya mtaani ya Johannesburg inayoitwa Tsotsitaal, mchanganyiko wa Kiafrikaans, Kizulu, Kixhosa, Kisotho na Kitswana, na sikio lililozoea Kiswahili halipotei kabisa humo: “umama”, “ubaba”, “abantu” unazidaka kabla macho hayajafika kwenye maandishi ya chini.

Nimeitazama mara nyingi, na kila ninapoijadili na watu nasikia maelezo yale yale: jambazi aliiba gari, akakuta kichanga ndani, kichanga kikamlainisha moyo, akatubu. Maelezo hayo si ya uongo. Yanakosea mahali pa kutazama tu. Kichanga hakijui kusema wala kuuliza, hakimdai mtu chochote zaidi ya maziwa na nepi kavu, na majambazi wenye watoto wao wenyewe nyumbani wamejaa duniani, watoto wanaowapenda kweli kweli, na kesho yake wanaamkia kazini. Mimi kisa hiki nakisoma kwa kufuata jambo jingine: nani anamuuliza nani swali, na aliyeulizwa anajibu kwa kutumia kitu gani.

Tuanze na usiku ule.

Genge lina watu wanne. Tsotsi, ambalo si jina hata kidogo. Ni neno la mtaani lenye maana ya mhuni, sawa na kumwita mtu Kibaka na yeye akaitika. Butcher, mwembamba, mkimya, anayetembea na chuma chenye ncha cha kuvunjia barafu. Aap, mnene, mwaminifu, mtu wa kufuata. Na Boston, aliyesoma, aliyekuwa akitaka kuwa mwalimu, wanayemdhihaki kwa ualimu ambao hakuufikia. Wanacheza dadu, wanachoka, wanateremka hadi stesheni. Pale stesheni mzee mmoja anatoa bahasha ya mshahara ili anunue kitu kidogo, na macho ya Tsotsi yanatua juu ya bahasha ile. Ndani ya treni iliyoshona wanamzingira. Mzee anajaribu kupiga kelele, Butcher anaingiza chuma kifuani mwake, kimya kimya, na wanne hao wanaendelea kumbana asimame wima kati yao mpaka abiria washuke. Mlango unapofunguka na watu kupungua ndipo mwili unateleza chini. Jina lake Gumboot Dlamini. Nakuomba ulishike jina hilo, kwa sababu filamu yenyewe inalisahau mapema, na karibu kila anayeisimulia analisahau pamoja nayo.

Wanakwenda kwenye kilabu cha pombe. Boston anatapika. Amelewa, amejikata mkono, na anaanza kumuuliza Tsotsi maswali. Anazungumzia staha. Maandishi ya chini yanatumia neno la Kiingereza ambalo wengi wangelitafsiri kuwa ustaarabu, lakini Boston hasemi habari za tabia njema za mezani. Anasema habari za mtu kujiheshimu kiasi kwamba kuna mambo hayafanyi hata kama hakuna anayemwona. Staha, basi. Anamuuliza Tsotsi jina lake halisi ni lipi. Ana mama? Baba yuko wapi? Hakuna mtu, hata mbwa, ambaye kuondokewa naye kumewahi kumuuma?

Anapofika kwenye mbwa, Tsotsi anamrukia. Anampiga usoni, ngumi juu ya ngumi, kwa muda mrefu kuliko mtazamaji anavyoweza kustahimili, kisha anatoka mbio. Mvua inanyesha. Anakatiza uwanda wazi ulio kati ya mtaa wa mabanda na vitongoji vya wenye nacho, na katikati ya mbio zake tunaonyeshwa mtoto mdogo naye akikimbia, usiku mwingine, mvua nyingine.

Presley Chweneyagae ndiye aliyeicheza nafasi hii, na ilikuwa filamu yake ya kwanza ndefu. Alitokea jukwaani, ambako alikuwa ameshacheza Hamlet, na labda ndiyo maana anaweza kusimama mbele ya kamera bila kusema neno na bado ukahisi ameongea. Nusu ya kwanza ya filamu hasemi sana. Uso umefungwa kama mlango wa duka usiku. Alifariki Mei 2025 akiwa na miaka 40, na tangu hapo sijaweza kuutazama uso ule kwa macho yale ya zamani.

Mbio zile zinamfikisha mbele ya nyumba ya John na Pumla Dube. Pumla amefika na gari, geti halifunguki, anashuka kubonyeza kengele ili mumewe amfungulie. Tsotsi anaingia kwenye gari. Pumla anakimbilia mlango wa gari, anaukazania, na Tsotsi, asiyejua bado kilichomo kiti cha nyuma, anamfyatulia risasi. Anaondoka. Hajui kuendesha sawasawa. Mbele kidogo anasikia kilio, anageuka, gari linagonga. Anakusanya vitu vya kuuzika, anaanza kuondoka, anasimama. Anarudi. Anamtia mtoto kwenye mfuko wa karatasi wa dukani na kuondoka naye kama mtu aliyetoka kununua mahitaji ya nyumbani.

Wengi huweka toba hapa. Sikubali. Ukimwangalia vizuri, anachofanya siku zile za kwanza ni kuficha mali ya wizi ambayo inapiga kelele. Anambadilisha kwa kipande cha gazeti. Anampa maziwa mazito ya kopo yenye sukari, yale ya kukorogea chai, anamwacha kwenye mfuko chini ya kitanda, anatoka. Akirudi, sisimizi wameufuata utamu ule hadi usoni mwa mtoto. Picha hiyo haikai zaidi ya sekunde chache na ndiyo inayonionyesha kwa ukaribu kijana huyu ana nini na hana nini: huruma anayo, kiasi; maarifa hana hata chembe. Hakuna aliyewahi kumlea ili aone kulea kunafanywaje. Huruma isiyo na maarifa ilikuwa inakaribia kumuua mtoto ndani ya siku mbili.

Swali la kwanza linalotoka kinywani mwake kwa nia ya kutaka jibu halimhusu mtoto kabisa.

Stesheni kuna mlemavu anayeombaomba, Morris, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Wanakwaruzana, maneno yanatoka, na Tsotsi anamfuata gizani hadi chini ya daraja. Ni windo la wazi: mtu asiyeweza kutembea, kopo la sarafu, hakuna shahidi. Kwanza Tsotsi anaamini jamaa anaigiza, anamwamuru asimame. Morris anamweleza kwamba alikuwa mchimbaji wa dhahabu na boriti la mgodini ndilo lililomvunja. Pesa zimemwagika chini. Hapo Tsotsi, bastola mkononi, anamuuliza kwa nini anaendelea kuishi ikiwa anaishi kama mbwa. Mbwa tena. Morris anajibu kwamba anapenda kulihisi joto la jua.

Tsotsi anamwambia aokote pesa zake, anaondoka.

Jibu la Morris halina falsafa ndani yake, na ndiyo nguvu yake. Lakini kilichonishika pale ni kwamba Tsotsi ametumia swali lile lile lililomfanya avunje uso wa Boston. Boston aliuliza: kuna kilichowahi kukuuma? Tsotsi anamuuliza Morris: wewe inakuuma, mbona huachi? Bado anauliza kwa bastola, kwa sababu hajui kuuliza kwa njia nyingine. Ila ameuliza, na amesubiri jibu, na jibu limemfanya aache kitu alichokuwa ameshakichukua.

Jambo jingine ambalo filamu haitamki popote: kisa hiki kina viti viwili vya magurudumu. Kimoja kimeletwa na mgodi. Cha pili amekileta Tsotsi mwenyewe, usiku mmoja kabla, na wakati anazungumza na Morris hajui kwamba kipo.

Kuhusu mbwa tunaambiwa kwa vipande. Tsotsi alikuwa David. Mama yake alikuwa kitandani, mgonjwa, na ingawa ugonjwa hautajwi, mabango ya stesheni kuhusu Ukimwi yanatosha kumwelewesha anayetaka kuelewa. Baba alimkataza mtoto asimsogelee mama. Mtoto alimsogelea. Baba, mlevi, mwenye hasira ya mtu aliyeshindwa, akamtoa nje, na mbwa alipobweka akampiga teke akamvunja mgongo. Mbwa akajikokota kwa miguu ya mbele. David akakimbia, akaishia kwenye mabomba makubwa ya saruji yaliyotupwa uwandani, ambako watoto wengine waliokimbia makwao walikuwa wakilala. Kuna siku Tsotsi anambeba kichanga hadi kwenye mabomba yale kumwonyesha alikokulia. Anakuta bado yana watoto. Wengine, lakini umri ule ule.

Kisha Miriam.

Terry Pheto hakuwahi kucheza filamu kabla ya hii, na kwa maoni yangu ndiye anayeibeba nusu ya pili. Miriam ni mjane mwenye mtoto mchanga, anaishi kwa kushona. Tsotsi anamwona kwenye foleni ya bomba la maji, anamfuata, anaingia kwa nguvu, anamwekea bastola na kumwamuru amnyonyeshe mtoto. Miriam ananyonyesha. Mwanzoni hofu iko wazi usoni. Kisha mtoto anashika ziwa, anatulia, na uso wa Miriam unabadilika bila ruhusa yake. Tsotsi anatazama. Hatazami mwili wa mwanamke. Anatazama kazi inavyofanywa na mtu anayeijua.

Ndani kwa Miriam kuna mapambo yaliyoning'inizwa darini: moja la vyuma vyenye kutu, jingine la vipande vya chupa za rangi. Tsotsi anauliza. Miriam anamweleza kwamba la kutu alilitengeneza akiwa na huzuni na la chupa akiwa na furaha, na anamtajia bei, randi 50. Tsotsi anashangaa: randi hamsini kwa chupa zilizovunjika? Miriam anamwonyesha kwamba anayenunua hanunui chupa, ananunua rangi na mwanga unaomwangukia. Ni mazungumzo ya kibiashara, yasiyo na uzito wowote ukiyasikia kwa haraka. Kwa mtu aliyezoea kwamba ukitaka kitu unakichukua, kuuliza bei ni lugha mpya. Nadhani Hood aliifahamu thamani ya eneo hili, maana halikimbizi.

Baadaye Miriam anauliza mtoto anaitwa nani. Tsotsi anajibu: David.

Hapo ndipo ninapoweka alama mimi. Boston alipouliza jina hilo alijibiwa kwa ngumi. Sasa limeulizwa kwa sauti ya chini na mwanamke anayeshona, na limetoka. Limetoka kwa kupitia mgongo wa mtoto, kwa uongo mdogo, lakini limetoka. Mtu huyu hajawa mwema. Amejibu swali moja. Na ukishajibu moja, la pili huna pa kulikwepea: Miriam anapotambua mtoto ametoka wapi, anamuuliza kuhusu mama yake, na anamtaka amrudishe.

Wanaoiona filamu kama hadithi ya moyo kulainika hupata shida na kinachotokea katikati. Baada ya joto la jua la Morris, baada ya chupa za rangi za Miriam, Tsotsi anarudi na genge kwenye nyumba ya akina Dube na kuivamia. Anahitaji pesa, na anahitaji vitu vya mtoto. Aap anamlinda John aliyefungwa. Butcher anapekua vyumba. Tsotsi anaingia chumba cha mtoto na kusimama pale akitazama kuta zilizopambwa kwa ajili ya kiumbe ambaye bado hana hata meno, halafu anakusanya maziwa na mahitaji mengine. Ni ujambazi wa kawaida kabisa, umefanywa kwa ajili ya ulezi. John anafanikiwa kuwasha king'ora. Butcher anataka kumuua. Tsotsi anampiga Butcher risasi.

Aap anatoka pale akitetemeka. Anafanya hesabu rahisi: Boston amepigwa karibu afe, Butcher amekufa, zamu inayofuata ni ya nani? Anaachana naye. Nimesoma maoni ya watu wanaomwona Aap msaliti. Mimi namwona ndiye pekee usiku ule aliyeuliza swali la busara kwa niaba yake mwenyewe.

Sasa tuiache hisia kando tulitazame faili la kesi, kwa sababu filamu inaisha mahali ambapo faili linafunguliwa.

Afrika Kusini haina adhabu ya kifo. Mahakama ya Katiba iliifuta mwaka 1995. Ina hukumu za chini zilizowekwa na Sheria namba 105 ya 1997. Unyang'anyi wa kutumia silaha, na kunyakua gari kumo humo, ni miaka 15 kwa mkosaji wa mara ya kwanza. Kuua wakati wa unyang'anyi wa namna hiyo ni kifungo cha maisha. Na kwenye treni, ingawa aliyeshika chuma ni Butcher, sheria ya nchi hiyo ina kanuni ya kusudio la pamoja: ukipanga, ukawepo, ukambana mtu huku ukijua mwenzako ana chuma chenye ncha, kitendo chake kinahesabiwa chako. Kiongozi wa genge aliyelichagua windo hana pa kujificha. Ongeza jaribio la kumuua Pumla, utekaji wa mtoto, uvamizi wa nyumba.

Kwa kejeli ya ajabu, mauaji ambayo angeweza kuyatetea ni yale ya Butcher, yaliyookoa uhai wa John Dube. Kumkinga mtu mwingine na shambulio lisilo halali ni utetezi unaokubalika. Mwendesha mashtaka, bila shaka, angeuliza ni nani aliyemleta Butcher ndani ya nyumba ile.

Upo mlango mmoja. Mahakama inaweza kushuka chini ya hukumu iliyowekwa ikiona sababu nzito za kuridhisha, na Mahakama Kuu ya Rufaa ilieleza mwaka 2001, katika kesi ya Malgas, namna ya kuzipima. Wakili angekuwa na ya kusema: utoto wa mabombani, umri mdogo, na juu ya yote kurudi kwa hiari yake na mtoto mzima. Kama angekuwa na miaka 16 au 17, uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa mwaka 2009 uliondoa hukumu hizo za chini kwa rika hilo. Lakini anaonekana amevuka 18, na filamu ni ya 2005. Maisha, basi, na miaka 25 kabla ya kufikiriwa kuachiwa kwa masharti. Hiyo ndiyo bei ya kunyanyua mikono pale getini, na nadhani yeye anaijua vizuri kuliko sisi tunaofuta machozi.

Na mjane wa Gumboot Dlamini, kama alikuwa na mke, hayupo kwenye eneo la mwisho. John anarudishiwa mwana. Pumla anarudishiwa mwana, lakini harudishiwi miguu yake. Familia ya mzee wa kwenye treni haikurudishiwa hata bahasha. Lawama yangu kubwa kwa filamu iko hapa: imechagua kumpatanisha kijana na wale ambao kilichoibwa kwao kilikuwa kinarudishika.

Lawama nyingine hutolewa na wanaokijua kitabu. Athol Fugard aliiandika riwaya hii mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikakaa bila kuchapishwa hadi 1980. Fugard naye alifariki 2025, chini ya miezi mitatu kabla ya Chweneyagae. Riwaya iko Sophiatown ya miaka ya 1950, mtaa ambao serikali ya ubaguzi ilianza kuubomoa Februari 1955 na kuujenga upya kwa ajili ya wazungu. Humo mama wa David hafi kwa ugonjwa. Anakamatwa usiku katika msako wa pasi, vile vibali ambavyo serikali ya ubaguzi iliwalazimisha Waafrika kutembea navyo. Mtoto anaachwa peke yake, baba aliyekuwa mbali miaka mingi anarudi akute nyumba tupu, na mbwa anapigwa teke na mtu aliyechanganyikiwa kwa sababu mkewe amechukuliwa. Kichanga nacho hakiibwi na gari: mwanamke anakitupia mikononi mwa Tsotsi kikiwa ndani ya boksi la viatu.

Tofauti hiyo si mapambo. Katika kitabu mkono uliomvunja mtoto ni wa dola. Katika filamu ni wa baba mlevi na ugonjwa. Waliodhulumiwa kwenye filamu ni familia tajiri ya Waafrika, na anayewafariji ni polisi. Kwa Afrika Kusini ya miaka kumi baada ya utawala wa ubaguzi kuisha mwaka 1994 hilo lilikuwa na mantiki yake: tabaka jipya lilikuwa limezaliwa, mageti yalikuwa yamebadilisha wenyewe, mabanda yalibaki pale pale. Lakini pia linamwachia mtazamaji atoke akidhani tatizo lilikuwa nyumba moja yenye baba mmoja mbaya. Yale mabomba yaliyojaa watoto wapya yanamkanusha, ila yanaonekana kwa dakika chache mno.

Mwisho wa kitabu nao ni tofauti. Matingatinga yanabomoa magofu alikomficha mtoto, Tsotsi anakimbilia ndani kumwokoa, ukuta unamwangukia. Hood mwenyewe hakuwa na uhakika: alipiga miisho mingine miwili, mmoja Tsotsi anapigwa risasi na kufa, mwingine anapigwa risasi begani na kutoroka. Yote miwili ilitoka kwenye DVD, na kuitazama kumenisaidia kuuelewa uliochaguliwa. Akifa, mtazamaji analia na deni linafutwa, wafu hawadaiwi. Akitoroka, anarudi uwandani kwenye mvua, na tumerudi mwanzo wa filamu. Kwenye mwisho uliobaki anabaki hai, amesimama, hana bastola, hana mtoto wa kujikinga naye wala wa kuwa kisingizio.

Watamtia pingu. Watampeleka kituoni, watamkalisha mbele ya meza, na polisi mwenye kalamu, kabla ya kufika kwenye treni, gari au risasi, atamuuliza kile kile alichouliza Boston kilabuni, kwamba jina lake kamili ni nani.